Maoni Yetu: Walipeni walimu wa watu wazima Kamwokya

Tangu Mpango wa Maendeleo ya Parishi uzinduliwe wilayani Kibuku mwezi Februari 2022, serikali ya Uganda imekuwa ikipeleka fedha hadi ngazi ya parishi: shilingi milioni 100 kwa kila parishi kwa mwaka, na kaya iliyomo kwenye kikundi inaweza kukopa hadi shilingi milioni 1. Ni jambo jema na tunaliunga mkono. Ila fedha hizo hupita njia ndefu kabla hazijamfikia mkopaji. Kuna kitambulisho cha taifa, kuna fomu, kuna daftari la kikundi, kuna kumbukumbu za SACCO, na siku hizi kuna pochi ya Wendi kwenye simu. Njia nzima hiyo ni ya kusoma, kuandika na kuhesabu.

Kwa hiyo tunauliza: yule asiyejua kusoma ataipitaje? Jibu la sasa ni kwamba atasaidiwa. Mtoto wake atamjazia fomu, katibu wa kikundi atamsomea masharti, kijana wa kibanda cha simu atambonyezea namba. Sisi tunasema jibu hilo halitoshi. Kamwokya, mtaa wa jijini Kampala, inahitaji madarasa ya watu wazima yanayofunguliwa mwaka mzima, yenye walimu wanaolipwa, na fedha za kuyaendesha zitoke mahali palepale zinapotoka fedha za maendeleo.

Asiyeijua Kamwokya na aifikirie hivi. Upande mmoja iko Kololo na balozi zake. Upande mwingine iko Mulago, hospitali kuu ya rufaa ya taifa. Makumbusho ya Uganda yako ukingoni mwake, kwenye barabara ya Kira. Katikati ya hayo ndimo mlimo na soko, vibanda vya chapati, saluni, gereji, steji za boda boda na vyumba vya kupanga vilivyosongamana hadi kwenye mitaro inayofurika kila mvua kubwa inaponyesha. Watu wake wametoka kila upande: Kisoro na Kigezi, West Nile, Acholi, Rwanda, Kongo. Wengi walikuja mjini wakiwa vijana wa kutafuta kazi. Wapo walioacha shule kabla herufi hazijakaa kichwani, na wapo ambao hawakuwahi kuingia darasani.

Wasomaji wetu vijana hudhani tatizo hili lilikwisha elimu ya msingi ilipofanywa bila ada mwaka 1997. Halikwisha. Aliyekuwa na miaka 15 mwaka ule amekwishapita miaka 40 sasa, na ndiye mwenye kulipa kodi ya nyumba, kulea wajukuu na kuongoza vikundi. Tena mwanzoni nafasi hizo zilikuwa za watoto wanne tu katika kila familia. Wa tano na wa sita walibaki nyumbani. Sensa ya mwaka 2014 ilikuta kwamba kati ya Waganda wenye miaka 10 na zaidi, asilimia 72 ndio waliojua kusoma na kuandika. Kwa wanaume ilikuwa asilimia 77, kwa wanawake 68. Kampala ina hali nzuri kuliko mikoani, na hilo ndilo linalowaficha wasiojua kusoma wa mjini. Takwimu za jiji zikionekana nzuri, hakuna anayeuliza habari za Kamwokya.

Asiyejua kusoma mjini hulipia kutojua kwake kila siku, kwa fedha taslimu. Huduma ya kutuma pesa kwa simu ilianza Uganda mwaka 2009, na leo soko zima linaitegemea. Muuza nyanya asiyeweza kusoma ujumbe humkabidhi wakala simu pamoja na namba ya siri, akaomba Mungu. Ikiwa salio limepungua, hana namna ya kujua lilipungua lini wala kwa mkono wa nani. Mpangaji hupokea risiti ya kodi asijue kama imeandikwa miezi mitatu au miwili. Mgonjwa hutoka Mulago na vidonge vya aina tatu na maagizo matatu, akayakariri njiani. Akichanganya, gharama yake ni mwili. Hakuna hata moja kati ya haya linaloitwa wizi wala uzembe kwenye taarifa yoyote, kwa sababu aliyeumia hana karatasi anayoweza kuionyesha na kuieleza.

Sheria inalijua jambo hili tangu zamani. Uganda ina Sheria ya Kuwalinda Wasiojua Kusoma, iliyoanza kutumika mwaka 1918 na ambayo wanasheria wanaitumia mahakamani hadi leo. Inasema anayemwandikia hati mtu asiyejua kusoma lazima aandike pia jina lake kamili na anwani yake kwenye hati hiyo, na kuandika hivyo ni kuthibitisha kwamba hati ilisomwa na kuelezwa, na kwamba inasema alichoagiza mwenyewe. Ni sheria ya busara. Lakini tazama inavyofanya kazi: inamlinda mtu baada ya kudhulumiwa, tena akipata wakili, tena akikumbuka nani aliandika nini. Zaidi ya miaka 100 imepita na bado tunategemea ulinzi wa kufika mahakamani, wakati ulinzi wa kweli ni mtu kuisoma hati kabla ya kuweka dole gumba.

Nani alitakiwa kumfundisha? Serikali, na si kwamba haikujua. Mwaka 1964, miaka miwili baada ya uhuru, ilianzisha kampeni ya kisomo nchi nzima na vitabu vikachapishwa kwa lugha nyingi za wananchi. Miaka ya Amin ikaizima. Mwaka 1992 kisomo kikarudi kwa jina la FAL, yaani kisomo chenye manufaa kwa watu wazima, kikaanzia katika wilaya nane: Apac, Hoima, Iganga, Kabarole, Kamuli, Mbarara, Mpigi na Mukono. Kampala haikuwamo. Mpango huo ulibuniwa ukimfikiria mkulima. Vitabu vyake vilizungumzia mbegu, mifugo na maji ya kisima. Hilo halikuwa kosa, kwa kuwa nchi ni ya wakulima, lakini mtu wa Kamwokya hana shamba wala kisima. Ana mita ya umeme, chumba cha kupanga na mkopo wa pikipiki.

Sasa tufike kwenye kiini cha maoni haya, nacho ni mwalimu.

Tangu FAL ilipoanza, mwalimu wa watu wazima Uganda amekuwa mtu wa kujitolea. Tathmini ya mwaka 1999 iliyoongozwa na Anthony Okech wa Chuo Kikuu cha Makerere, na kuchapishwa na Benki ya Dunia mwaka 2001, iliyasema wazi mambo ambayo kila aliye karibu na kazi hii anayajua: wanafunzi walio wengi ni wanawake, na walimu hawana mshahara. Miaka zaidi ya ishirini imepita. Majina ya mipango yamebadilika, lakini mwalimu bado anaombwa aje kwa moyo wake.

Kijijini kujitolea kunawezekana kwa kiasi. Mwalimu ana ndizi zake nyuma ya nyumba, ana muhogo, hana mwenye nyumba anayemgongea mlango mwisho wa mwezi. Kamwokya kila kitu kinanunuliwa: chumba, maji ya dumu, mkaa, hata kwenda msalani. Saa mbili alizokaa mbele ya ubao ni saa mbili alizoacha kuuza, kufua nguo za watu au kubeba abiria. Atavumilia mwezi mmoja, miwili, mitatu. Kisha atapata kibarua, na darasa litafungwa bila tangazo. Wanafunzi watakuja siku mbili, watakuta mlango una kufuli, hawatarudi. Baadaye ofisa ataandika kwenye ripoti kwamba mwitikio wa wananchi ulikuwa mdogo. Tunalikataa neno hilo. Mwanamke aliyeamka alfajiri kwenda sokoni, akapika, akaogesha watoto, kisha akafunga kanga na kwenda kuketi darasani pamoja na majirani wanaomjua, amekwisha kuitika. Ambao hawajaitika ni wenye bajeti.

Kiasi kinachohitajika si cha kutisha. Mwalimu akilipwa posho ya shilingi 250,000 kwa mwezi, kwa mwaka ni shilingi milioni 3. Hiyo ni sawa na asilimia 3 ya fedha ambazo parishi moja imeahidiwa chini ya mpango wa maendeleo. Walimu watatu ni asilimia 9. Hatusemi fedha za mikopo zimegwe. Hizo ni za wananchi na zizunguke. Tunasema Mamlaka ya Jiji la Kampala, KCCA, itenge kiasi kama hicho kando, kwa kila parishi yenye uhitaji, ili mkopo ukutane na mtu anayeweza kuuhesabu. Nguzo ya tano ya Mpango wa Maendeleo ya Parishi inahusu kuhamasisha jamii na kubadilisha fikra. Semina za kubadilisha fikra tumeziona za kutosha. Mtu anayejua kupiga hesabu ya riba yake mwenyewe amebadilika fikra bila semina.

Kuna suala la lugha, na linahitaji kusemwa polepole kwa sababu huleta ubishi. Ukiwauliza watu wazima wa mjini wanataka kusoma nini, wengi watakujibu: Kiingereza. Wana sababu. Ujumbe wa benki ni Kiingereza, karatasi ya hospitali ni Kiingereza, barua ya shule ya mtoto ni Kiingereza. Hata hivyo kumfundisha mtu kusoma kwa lugha asiyoizungumza ni kumtwisha mizigo miwili kwa pamoja: herufi asizozijua, na maneno asiyoyajua. Darasa la Kamwokya lianze na Luganda, lugha ya soko lake, ambayo hata Mfumbira wa Kisoro na Mlugbara wa West Nile walioko pale huitumia kununua na kuuza. Maneno ya Kiingereza yaliyo kwenye simu na risiti yafundishwe mapema kama maneno ya kazi, maana hayo mwanafunzi atakutana nayo jioni hiyohiyo. Kiingereza chenyewe kifuate, kwa mwenye kukitaka, herufi zikishakuwa zake.

Na Kiswahili? Sisi tunaoandika kwa Kiswahili tuna hamu ya kukiona kila mahali, na katiba ya Uganda imekitambua kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya mwaka 2005. Lakini hatutaki kumpenda mwanafunzi kwa ajili ya lugha yetu. Kwa Wakongomani waliokimbilia Kampala, ambao Kiswahili wanakizungumza nyumbani, darasa la Kiswahili ni haki na ni njia fupi. Kwa mfua nguo wa Kamwokya aliyezoea Luganda, Kiswahili kisubiri. Uganda inawahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, na wengi wa wale wa mjini wanajipangia maisha wenyewe bila kambi. Kundi la YARID, lililoanzishwa Kampala na vijana Wakongomani, limekuwa likiwafundisha wakimbizi wenzao Kiingereza kwa miaka mingi. Walianza na mpira wa miguu. Mahali palipo na watu wanaokutana, darasa linaweza kuzaliwa.

Tunataka pia kutoa tahadhari kuhusu ahadi. Mpango mpya unaoichukua nafasi ya FAL, unaoitwa ICOLEW, umeunganisha kisomo na vikundi vya kuweka na kukopa pamoja na stadi za biashara, na umejaribiwa katika wilaya chache, Mpigi na Iganga zikiwamo. Kuunganisha huko ni kuzuri. Mtu hujifunza kujumlisha haraka zaidi akijumlisha akiba yake. Lakini jina lake limebeba ahadi ya kuzalisha mali, na hapo tunasita. Kusoma peke yake hakumtoi mtu kwenye umaskini. Muuza mihogo anayejua kusoma bado anauza mihogo, na bei ya mihogo haipandi kwa kuwa muuzaji amehitimu. Ukimwahidi utajiri, ataondoka darasani siku atakapoona hautokei, na ataondoka akijiona amedanganywa.

Manufaa yenyewe yanatosha kusemwa yalivyo. Mama anayesoma hutazama daftari la mtoto na kuona ukurasa mtupu. Shirika la LABE, lililoanzishwa Uganda mwaka 1989, limefanya kazi kwa msingi huo kwa kuwaketisha wazazi na watoto wajifunze pamoja, na anayetaka kujua kwa nini mtoto wa darasa la nne hajui kusoma aanze kwa kutazama kama nyumbani kuna mtu wa kumsikiliza. Mama huyo hujua tarehe ya chanjo bila kumuuliza jirani. Hujua basi linaenda wapi. Husaini kwa jina lake. Anayedhani hili la mwisho ni dogo hajawahi kupakwa wino kidoleni mbele ya watoto wake.

Wanaume wako wapi? Wachache mno hufika. Wanaona aibu, na pia saa hazilingani na kazi zao. Fundi gereji hawezi kuacha gari limefunguliwa. Mwendesha boda boda hawezi kuiacha steji wakati wa abiria. Basi mwalimu na aende stejini. Vyama vya boda boda vina viongozi, vina daftari la michango, vina leseni na faini za kusoma. Somo la nusu saa palepale, adhuhuri, abiria wakiwa wachache, litawapata watu ambao hakuna ukumbi utakaowapata. Na kwa wanawake wa sokoni saa ipangwe na wao wenyewe, pasiwe mbali na vibanda vyao, tena pawe na mahali pa kuwaweka watoto wadogo.

Wengine watasema tuwekeze kwa watoto, wazee wamekwisha chelewa. Tanzania ilijibu hoja hiyo zamani. Mwalimu Nyerere alishikilia kwamba watoto watachukua miaka mingi kabla ya kuujenga uchumi, na kwamba wazazi wao ndio wanaolima na kuamua leo. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Nchi ambayo mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wake wazima hawakujua kusoma, kufikia mwaka 1986 ilihesabu chini ya asilimia 10. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilikusanya watu wapatao milioni mbili kwenye vikundi vya kusikiliza redio na kusoma, nao wakaondoka hapo kwenda kuchimba vyoo. Kisha uchumi ukayumba, fedha zikakatwa, madarasa yakafungwa. Sensa ya mwaka 2002 ikakuta karibu watu wazima watatu kati ya kumi hawajui kusoma. Kisomo si kampeni ya mara moja. Ukiacha kukihudumia kinarudi nyuma.

Kenya nayo iliipa dunia Kimani Maruge, aliyeingia darasa la kwanza huko Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Dunia ilimshangilia na alistahili. Sisi tunasoma habari yake kwa uchungu kidogo: mzee wa miaka 84 hakupaswa kukaa kwenye dawati la watoto ndipo afundishwe.

Faida kwa jamii nzima inaonekana hasa kwenye uwajibikaji. Mwezi Julai 2018 Uganda ilifanya uchaguzi wa LC1, yaani mabaraza ya vijiji na mitaa, wa kwanza tangu 2001, na wananchi walijipanga mstari nyuma ya mgombea wamtakaye. Kupiga kura kwa njia hiyo hakukuhitaji kusoma. Kumkagua aliyeshinda kunahitaji. Fedha za mtaro zimeingia ngapi, kikao kilikubaliana nini, nani yumo kwenye orodha ya mkopo na kwa nini ndugu za katibu ni wanne: mambo hayo yamo kwenye karatasi. Kikundi ambacho katibu peke yake ndiye anayesoma kimempa katibu mamlaka ambayo hakuchaguliwa kuwa nayo. Wakiwa watano wanaosoma, daftari huzunguka mezani, na katibu mwaminifu hupumzika kwa kuwa hakuna wa kumshuku.

Kamwokya inaweza kulifanya hili. Mwaka 1987, Ukimwi ulipokuwa ukiua nyumba kwa nyumba na hospitali zimeelemewa, majirani Wakatoliki wa mtaa huu walianza kuwatembelea wagonjwa majumbani. Kundi hilo likawa Kamwokya Christian Caring Community, likajenga zahanati, likasomesha yatima na kufundisha vijana ufundi. Walianza bila kusubiri ofisi yoyote. Lakini hawakuendelea kwa miaka yote hiyo kwa moyo peke yake. Wauguzi walilipwa, dawa zilinunuliwa.

Mwaka wa fedha wa Uganda huanza tarehe 1 Julai. Tunaitaka KCCA iweke katika bajeti ijayo posho ya walimu wa watu wazima wa Kamwokya, ikiwa na fungu lake na kiasi chake, na orodha ya walimu na saa za madarasa ibandikwe sokoni. Wenyeviti wa LC1 waanze sasa kuandikisha wanaotaka kusoma, kwa faragha na kwa heshima. Nawe msomaji wetu unayeishi Kamwokya, yupo mtu kwenye kikundi chako ambaye kila mara husema amesahau miwani. Mwambie darasa linakuja, kisha mwende pamoja kwa mwenyekiti kulidai.